Pale Nilipotaka Chipu Ibandikwe

Wifi yangu ni fundi umeme wa magari, na ana kichwa kigumu kuliko nati yenye kutu. Ufunguo mmoja wa gari letu ulipopotea, nilimwomba jambo dogo tu. Wengi hufanya hivyo: unachonga funguo za kawaida kwa bei poa, kisha ile chipu iliyo ndani ya ufunguo halisi unaitoa na kuibandika kwa gundi chini ya kava la usukani. Gari linadhani ufunguo wake upo muda wote, linawaka kwa chochote.

"Hiyo sikufanyii," alisema huku akimenya waya. "Gari haliwaki mpaka lisome chipu. Ukiibandika humo, umemwachia mwizi ufunguo."

"Mwizi atajuaje?"

"Wifi, nao ni mafundi."

Nilimnunia wiki nzima. Tukabaki tukigombania ufunguo mmoja, mimi na mume wangu, na kila nikiutafuta mifukoni mwake namlaani dada yake kimoyomoyo. Gari lenyewe si la kujionyesha. Ndilo linalompeleka mama yangu hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zimechoka. Akikosa zamu moja anavimba na kuhema. Akikosa mbili, sitaki hata kusema.

Asubuhi ya zamu yake nilitoka na ufunguo mkononi, nikakuta kioo kimevunjwa. Bisibisi imekwama kwenye swichi ya kuwashia gari. Kava la usukani limeng'olewa, waya zinaning'inia, na plastiki imekwanguliwa pale pale nilipotaka chipu ibandikwe. Jirani yetu kinyozi alisema alisikia stata ikilia na kukata, ikilia na kukata, akadhani ni mimi.

Nikampigia wifi simu. Mama alishavaa, anasubiri sebuleni na kikapu chake.

Wifi alikuja mbio, ovaroli juu ya gauni la kulalia. Hakusema "nilikuambia", na kwa hilo peke yake nilimshukuru. Aliunganisha waya, akaniambia niushike ufunguo karibu na pete inayozunguka swichi, ile inayosoma chipu. Kisha akaizungusha bisibisi ya wezi. Gari likawaka mara moja, nikalia kama mtoto.

Tulichelewa kidogo tu. Muuguzi alimuunganisha Mama kwenye mashine, pumzi yake ikatulia, akasinzia. Nikamshika wifi mkono wake wenye grisi.

"Asante, wifi. Ungenisikiliza, leo tungekuwa tunatafuta gari na Mama yuko nyumbani anahema."

Alicheka chini chini asimwamshe.

"Si wewe tu. Ulipoondoka siku ile, kaka naye alikuja na ombi hilo hilo. Akanisihi nisikwambie."

"Ukamjibuje?"

"Nilimfukuza gereji."

Nikamkumbatia hapo hapo, mimi niliyemnunia wiki nzima, grisi yake ikanijaa gauni lote.