Mtungi Uliomnasa Shemeji

Shemeji yangu aliitwa Fundi, na kitu pekee nilichowahi kumwona akikifinyanga ni tonge. Vyungu na mitungi, vyote alivifinyanga dada yangu uani, tumbo likiwa mbele au mtoto mgongoni. Shemeji alipakia punda, akaenda mnadani, akarudi na sifa. Enzi hizo ndivyo ilivyokuwa, mwanamke alifanya kazi, mwanamume ndiye aliyekuwa na kazi. Hebu fikiria!

Basi soko jipya likajengwa, kila fundi akaahidiwa kibanda. Dada alikitaka kile kibanda mpaka akawa anakiota. Shemeji akaenda kujiandikisha yeye.

"Kwani si yaleyale?" akasema. Dada hakula siku hiyo.

Msimamizi wa soko akaja nyumbani kukagua kazi. Shemeji, kajipaka mafuta, kifua mbele, akamtolea mtungi mzuri kuliko yote, wenye shingo nyembamba. Msimamizi akachungulia.

"Huku ndani umelainishaje, Fundi?"

"Kwa mkono, bwana! Mkono huuhuu!" Na mjinga yule akauchomeka.

Sasa, mkono wa dada ni mdogo. Wa shemeji ni jembe. Kuingia uliingia kwa nguvu, kutoka ukakataa katakata. Akavuta, akazungusha, akaubana mtungi kwa magoti huku akitweta. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini, Mungu anisamehe.

"Mke wangu, nisaidie," akanong'ona.

"Nikusaidieje, na fundi ni wewe?" dada akamjibu. "Nani kaufinyanga huo?"

"Si sisi?"

Dada akageuka aende zake.

"Wewe! Ni wewe! Vyote ni wewe!" shemeji akapiga kelele.

Dada akaokota jiwe, akauvunja mtungi wake kwa pigo moja. Halafu akavuta udongo mbichi, akakaa, akaanza mwingine, msimamizi akimtazama.

Kibanda akapewa dada. Asubuhi ya kwanza sokoni, mteja akauliza, "Mama, mwenye kazi hii yuko wapi?"

"Unaongea naye," dada akasema. Akalia palepale mbele za watu. Nami nikalia. Shemeji, aliyekuwa akipanga vyungu, naye akaanza kulia, ila huyo mpaka leo sijui alikuwa analilia nini.