Kilo Nane za Usingizi

Kila asubuhi muuza mkaa alimsukuma dada wa fundi hadi juu ya mwinuko, kwenye karakana ya ushonaji, huku akilalamika njia nzima.

"Hii ni baiskeli au kabati la chuma? Jumatatu nahama, jirani. Sijui nani atarithi maumivu ya mgongo wangu."

Dada alicheka. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea, hakucheka. Baiskeli ile ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono, aliiunda yeye kwa mabomba ya maji. Kwenye tambarare ilikwenda. Mwinuko uliishinda mikono ya dada, na miguu yake ilipooza tangu utotoni. Asingefika kazini, cherehani yake ingepata mwenyewe mwingine.

Fundi akaazima mizani ya mkaa, akaitundika kwenye boriti, akapima kila alichopata. Mwanzi ulikuwa mwepesi, lakini alipoutoboa tundu la bolti ukapasuka. Alumini ya ngazi mbovu ilimtia moyo, mpaka mashine yake ilipoiyeyusha kama samli. Mwisho akaokota viti vya shule vilivyovunjika, vya bomba jembamba la chuma. Akapunguza moto, akachoma nukta kwa nukta, akingoja kila nukta ipoe.

Jumamosi baiskeli mpya ikaning'inia mizanini.

"Ishirini na tisa," muuza mkaa akasoma. "Na ile kuukuu?"

"Thelathini na moja."

"Hongera! Umempunguzia uzito wa sufuria mbili."

Fundi akajiinamia. Dada akaipapasa fremu taratibu, kama anayekagua mshono. Kila kona ilikuwa na vipande vya chuma kinene.

"Hiki kinabeba nini?"

"Kinashika kona."

"Na hiki?"

"Kinashika hicho."

"Na hiki cha tatu?"

Fundi akajikuna kichwa. "Hicho kinabeba usingizi wangu, dada. Nikifikiria umeanguka, silali."

"Mdogo wangu, huo usingizi wako ndio siwezi kuupandisha. Nguo nikiihofia naishona mara mbili. Nikiishona mara tisa, nani ataivaa?"

Wakaanza kuondoa. Fundi alikata kipande kimoja, muuza mkaa akaikalia baiskeli na gunia mapajani, wote wakatega sikio wasikie kama chuma kitalia. Ikinyamaza, anakata kingine. Walibakiza viwili tu, chini ya kiti. Mizani ikasoma ishirini na moja.

Jumatatu dada aliupanda mwinuko peke yake. Alipumzika mara mbili, breki ameibana, jasho linamtiririka. Fundi alimfuata nyuma, mikono ameifumbata mgongoni isije ikamsaliti.

Karakanani, dada alijihamishia kwenye kigoda mbele ya cherehani yake ya mkono. Fundi alikitambua. Ndicho kitu cha kwanza alichowahi kuchomelea, miaka kumi na miwili iliyopita, alipokuwa akijifundisha peke yake: kimepinda, mguu mmoja mfupi, kitambaa kimekunjwa chini yake. Wengine wote walikikwepa. Dada alikikalia siku ileile, kabla chuma hakijapoa vizuri, na hakuuliza kama kitamhimili.

"Ahsante, fundi wangu," dada akasema, akijifuta jasho.

Fundi alitaka kumwambia kwamba shukrani zilipaswa kutoka upande wake, tena kwa miaka kumi na miwili. Badala yake akachutama, akakinyoosha kile kitambaa chini ya mguu mfupi.