Zoezi la Bweni la Tatu

Mwaka wake wa tatu wa kufundisha Elimu ya Ulinzi wa Taifa chuoni, kapteni mstaafu alikiri kwamba nusu ya darasa husinzia na nusu huchati. Somo lilikuwa la lazima kwa mwaka wa kwanza. Basi walikuja, wakasaini, wakakariri kwa ajili ya mtihani, wakasahau.

Alipomlalamikia bintiye, muuguzi aliyesoma chuo hicho hicho, binti alicheka.

"Mama, usinikasirikie. Hata mimi nililala kwenye somo hilo. Vyeo na tarehe za vita tu. Mambo yote ya dharura nimejifunzia wodini."

Maneno hayo yalimchoma. Jumatatu aliingia darasani mikono mitupu.

"Moto umewaka Bweni la Tatu," alisema. "Ghorofa nne, watu mia mbili. Nawapa wiki mbili mniletee mpango wa kuwatoa wote."

"Afande, hiyo si kazi ya zimamoto?" aliuliza kijana waliyemwita Mbunge, kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno.

"Zimamoto wako mjini. Wewe uko ghorofani."

Darasa likaangua kicheko, kisha likafanya kazi. Walipima ngazi, wakachora ramani, wakateua viongozi wa kila ghorofa. Mkuu wa kitivo alinung'unika kwamba mtaala unataka mihadhara. Kapteni akamsomea ukurasa wa kwanza wa mtaala huo huo: mwanafunzi aweze kuwakinga raia. Mkuu akaruhusu asubuhi moja ya zoezi, shingo upande.

Jumamosi asubuhi kengele ililia. Dakika sita baadaye bweni lilikuwa uwanjani, wengine na miswaki mdomoni. Mbunge akahesabu, akarudia.

"Mia mbili kasoro mmoja."

"Jamani, na mimi je?" sauti ikatoka dirisha la ghorofa ya tatu.

Alikuwa binti wa magongo. Lifti ilizimwa kwa ajili ya zoezi, na mpangoni hakuwamo kwa kuwa darasani hakuwamo: alisamehewa somo tangu mwanzo wa mwaka. Kapteni aliikumbuka fomu ya kumsamehe somo. Aliisaini yeye mwenyewe, bila hata kumwona mwombaji.

Alipanda ngazi kwa miguu yake.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuondoa kwenye somo bila kukuuliza."

"Wakati ule nilishukuru, Afande. Nilidhani mtanipigisha gwaride." Binti akatazama ngazi. "Sasa nataka kujua nani atanibeba. Na mgongoni sipandi, kiuno kinaniuma."

Hadi saa sita mchana yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Walijaribu blanketi, akakataa. Walijaribu kiti, watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma; akawaamuru wabadilishe mikono. Mbunge alitoa jasho, akashika kiti kwa mkono mwingine. Zoezi la pili lilichukua dakika nane, na hesabu ikatimia.

Kapteni aliandika ripoti, na kosa lake la fomu akaliweka aya ya kwanza. Mkuu wa kitivo aliisoma mara mbili kabla ya kuipeleka kwenye kamati. Kamati ilivutana miezi minne. Mwishowe ikafuta msamaha wa somo na kuyapa mazoezi nusu ya alama. Nusu nyingine ikabaki mihadhara, jambo ambalo kapteni hakulipenda lakini alilipokea. Binti wa magongo aliandikishwa kwenye somo hilo. Muhula uliofuata yeye na Mbunge walipewa kupanga zoezi la Bweni la Tano, na siku ya kwanza tu wakakuta mlango wake wa nyuma umefungwa kwa kufuli ambalo hakuna aliyejua ufunguo wake uko wapi.