Korongo Afunga Mlango

Wachapishaji wa Hong Kong walinirudishia riwaya yangu kwa maneno yaleyale: wapenzi wa kompyuta wataona ina panga nyingi, na wapenzi wa panga wataona ina kompyuta nyingi. Nikasema haya, mwenye kovu usidhani kapoa, nitaichapisha mwenyewe kwa akiba yangu.

Ni hadithi ya Kowloon, upande wetu wa Hong Kong, ya miaka mia ijayo. Kung fu inauzwa kama programu: unaichomeka shingoni asubuhi, jioni unarusha mateke. Mapigo yote yamekwisha nakiliwa isipokuwa moja, alilorithi msichana kipofu aitwaye Yin, na kwa hilo anaangusha roboti kubwa. Pigo hilo sikulibuni. Ni pigo la mwisho la shule yetu, Korongo Afunga Mlango, nililofundishwa na mwalimu wangu, Sifu Ngai, juu ya paa la jengo lake pale mtaa wa Sham Shui Po, katikati ya nguo zilizoanikwa. Nalikumbuka paa lile hadi harufu yake, sabuni na dawa ya kuchulia michubuko, na sisi vijana tukichekana kila mmoja alipoanguka. Sijapata tena kufurahi vile.

Kwetu, pigo la shule halitolewi nje bila idhini ya mwalimu uliyempigia magoti na kumpa chai. Anayelitoa hufutwa, jina lake halitajwi tena. Nami nilikuwa nimeliandika lote, hatua kwa hatua. Sifu akikataa, kitabu hakina moyo; nikichapa kwa siri, sina mwalimu.

Nikaenda. Wenzangu walikwisha hamia Vancouver na Sydney, na mimi mwenyewe nilikuwa sijapanda ngazi zile kwa miaka. Nilimkuta amekonda, yuko peke yake na redio. Nikapiga magoti, nikampa chai kwa mikono miwili. Akauliza kama kitabu changu kina msichana anayelialia. Nikamwambia kinaye. Akasema basi kitauzika, nisome.

Nilisoma. Alifumba macho, vidole vyake vikifuata hatua juu ya goti. Nilipomaliza alicheka hadi akakohoa.

"Hilo liroboti lako linaanguka kwa pigo hilo?"

"Linaanguka, Sifu."

"Labda kitabuni. Huku nje ungeokota meno yako. Mwisho wake siyo huo, mwanangu. Nilikubania."

Nilikasirika, sifichi. Nusu ya umri wangu nimelifanyia mazoezi bustanini kila asubuhi, kumbe bovu. Nikamuuliza nilimkosea nini.

"Hukunikosea. Paka alimfundisha chui milia kila kitu, akabakiza kupanda mti. Yeye alibakiza kwa woga." Akaweka kikombe chini. "Mimi nilibakiza ili mrudi. Ningewapa lote, mngerudi kufanya nini kwa mzee?"

Nililia, na hakunitania.

Akajiinua kwa kushika kiti. Katikati ya kitanda na friji, penye nafasi ya mkeka mmoja, aligeuza nyonga kidogo tu, kisigino kikazunguka, na mkono wake ukasimama kooni kwangu. Akanifanya nirudie mpaka chai ikapoa.

Mlangoni nikamuuliza kuhusu kitabu.

"Chapa hilo bovu," alisema. "Hili zima libakize."

Nilichapa hivyohivyo. Yeye alifariki kabla ya mwaka mpya, na nakala ya kwanza tulimchomea kaburini pamoja na pesa za karatasi, kama tunavyowachomea wafu wetu. Sasa nauza mwenyewe, nafunga vifurushi mwenyewe. Juzi muuguzi mmoja wa Taichung, kule Taiwan, ameniandikia kwa ukali: amelijaribu pigo la Yin sebuleni kwake, ameanguka, amevunja taa, na anataka kujua mwandishi gani huyu asiyejua anachokiandika.

Nimemjibu kwamba ana haki. Nimempa anwani ya jengo la Sifu, nikamwambia funguo za paa ninazo mimi, na akija asisahau majani ya chai.