Mama Mkwe Ndani ya Koti

Luhaga alishabeba kila kitu kwenye pikipiki yake: mbuzi, magodoro, kabati la vyombo, hata jeneza tupu siku moja kwenda Kisesa. Mama mkwe wake ndiye hakuwahi kumbeba, na alikuwa akimwomba Mungu siku hiyo isije. Si kwamba walikuwa na ugomvi, ni heshima tu. Kwao Sengerema mkwe hampi mama mkwe mkono, hali naye sahani moja, na akimwona anakuja njiani anasogea pembeni mpaka apite. Tangu amwoe Odeta, Luhaga alikuwa akimwamkia yule mama kwa mbali, kichwa chini, "Shikamoo mama," naye akiitikiwa "Marahaba baba" na mtu anayetazama ukuta. Wakapendana hivyo hivyo, kila mmoja na upande wake.

Sasa sikia yaliyompata.

Mama Odeta alikuwa amebakiwa na jicho moja. La kushoto lilikufa zamani, la kulia likaingia mtoto wa jicho mpaka akawa anawajua kuku wake kwa mlio. Watoto wakamvusha ziwa, wakamleta Mwanza akafanyiwa upasuaji, na siku hiyo mchana akaruhusiwa. Muuguzi alimfunga bandeji, kisha akamgeukia Luhaga na kumwambia neno lililomkaa kichwani: mpaka kesho asubuhi mtakapoifungua, maji yasifike hapa, hata tone. Uchafu ukiingia, jicho limekwenda, na huyu mama hana lingine.

Aliyetakiwa kumchukua ni Mayala, kaka yake Odeta, mwenye gari. Gari likamgomea njiani. Odeta mwenyewe alikuwa nyumbani Buswelu na kichanga kinachonyonya. Akabaki nani? Luhaga angeweza kutafuta bajaji, lakini jua lilikuwa linawaka, anga jeupe, akajiambia ni mwendo mfupi tu. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hili na bado analiamini jua la mchana, huyo kajitakia mwenyewe.

Wakaondoka. Mama Odeta alikaa upande, mfuko wake wa nguo kauweka katikati yao, na Luhaga naye kajisogeza mbele hadi karibu akalie tangi la mafuta. Kofia ngumu haikuwezekana, ingeikandamiza bandeji.

Walipofika Mabatini upepo ukageuka, ukaja na harufu ya udongo uliolowa. Luhaga akatazama nyuma kuelekea ziwani akaona kumekuwa kweusi tii. Hakungoja. Alikata kona akaingiza pikipiki moja kwa moja kwenye baraza la duka la Mansukh, mzee wa misumari na saruji ambaye kila dereva wa pale anamjua, na mvua ikamwagika nyuma yao kama mtu kamwaga pipa.

"Mkaribishe mama akae," Mansukh alisema, akamsogezea kigoda.

Basi wangekaa pale mpaka ikatike, na hadithi ingeishia hapo. Lakini Mabatini ni Mabatini. Mtaro ulijaa, ukatema takataka zake zote barabarani, na maji meusi yakaanza kupanda barazani. Kila gari lililopita lilirusha wimbi. La kwanza likamlowesha Mama Odeta miguu. La pili likamfika kiunoni. Mansukh na vijana wake walikuwa wanapandisha mifuko ya saruji juu ya meza, na bajaji zote zilizopita zilikuwa zimeshona watu.

"Hapa hapakaliki," Mansukh alisema. "Yakianza hivi yanaingia mpaka ndani."

Luhaga alikuwa na koti moja la mvua, kubwa, zito. Akalivua, na kwa kuwa hawezi kumpa mama mkwe kitu mkononi, akaliweka juu ya gunia, akarudi nyuma. Mama Odeta akalipapasa, akalivaa. Kofia ya koti ilihitaji kufungwa kamba chini ya kidevu, na vidole vyake vilikuwa vinaikosa kamba. Luhaga akasimama pale kama mlingoti. Kumgusa mama mkwe usoni? Bora akamshike chui. Mansukh ndiye aliyekuja akaifunga.

Wakatoka. Hawakufika mbali. Upepo uliingia ndani ya ile kofia, ukaivuta nyuma, kamba ikafyatuka, na Mama Odeta akafunika bandeji kwa viganja vyote viwili huku hajashika popote. Luhaga alimwona kwenye kioo. Akageuza mbio hadi barazani. Mama akapangusa paji la uso kwa ndani ya khanga yake. Bandeji ilikuwa salama bado.

Mansukh akamtazama Luhaga kwa hasira ya kizee. "Abiria wako wengine huwa unawafanyaje?"

Luhaga akajifanya anatazama mvua. Alijua vizuri sana.

"Anawafanyaje?" Mama Odeta akauliza, uso kaelekeza ukutani.

"Anavaa koti kinyume, mama. Mgongo wa koti unakuja kifuani kwake, vifungo nyuma, wazi. Abiria anaingiza kichwa humo ndani, analaza uso mgongoni kwa dereva. Hapo tone halimpati. Mwanza nzima wanapanda hivyo."

Luhaga aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na huku anaogopa, kwa sababu lori lilikuwa linakuja na maji yalishafika kwenye kigoda.

Mama Odeta akalivua koti. Akaliweka juu ya gunia.

"Huyu ni dereva wa bodaboda?" akamuuliza Mansukh, taratibu, kama anauliza bei ya misumari.

"Ndiyo, mama."

"Mimi simjui. Ni mgeni hapa mjini. Mwambie anipeleke Buswelu."

Mansukh akakohoa kuficha kicheko. Luhaga alikawia kidogo kuelewa. Alipoelewa, akalivaa koti kinyume, akawasha pikipiki.

"Panda, mama abiria," akasema. "Ushike vizuri."

Mfuko wa nguo ukafungwa nyuma. Akasikia kichwa kikiingia, kikasita, kisha kikalala mgongoni kwake, chepesi, kina joto. Vidole viwili vikashika mkanda wake. Baadaye ikashika mikono yote.

Mvua ilimpiga usoni kama changarawe. Shingo ya koti ilimkaba, maji yakapita hapo yakashuka kifuani mpaka kwenye viatu. Hakujali. Aliendesha kama aliyebeba trei ya mayai. Basi lilipowapita likarusha ukuta wa maji, yeye akajitanua mabega, akalipokea lote kwa kifua.

"Shimo linakuja, mama."

"Nimeshika, dereva," sauti ikajibu ndani ya koti.

Walipoanza kupanda kilima sauti ikaja tena, ndogo, akaisikia zaidi mgongoni kuliko masikioni.

"Dereva, naogopa."

Mama mkwe hamwambii mkwe kwamba anaogopa.

"Nina wajukuu," ile sauti ikaendelea. "Nawashika tu. Naambiwa huyu anafanana na wewe, huyu anafanana na babu. Nasema ndiyo, ndiyo. Sijui hata mmoja. Hili jicho likiharibika leo, nitakufa sijui."

Luhaga akajikaza kisabuni.

"Utawaona, mama. Mimi sijawahi kulowesha abiria." Ulikuwa uongo mtupu, lakini aliusema kwa moyo wake wote.

Nyumbani alisimama chini ya upenu kabisa, akasubiri ule uzito umtoke mgongoni, kisha akaenda kusimama mbali, kichwa chini, maji yakimchuruzika. Odeta akapapasa bandeji ya mama yake pande zote. Ilikuwa kavu. Lakini ya ndani nani anayajua? Ilibidi kungoja asubuhi.

Asubuhi Luhaga alikuwa uani anasafisha mnyororo uliokwishasafishwa, kichanga kimelala kwenye mkeka kando yake. Kule ndani Odeta alikuwa anaifungua bandeji. Ikachukua muda mrefu mno, mpaka akadhani jicho limekwenda. Kisha Odeta akamwita aje na mtoto.

Aliingia akasimama mlangoni, macho kwenye sakafu, kichanga mkononi, akiwaza pa kukilaza ili bibi yake akiokote mwenyewe. Akainua macho. Mama Odeta alikuwa anamtazama. Si mtoto. Yeye. Anamtazama usoni, jicho jekundu, limejaa machozi, wala haligeuki.

"Odeta," akasema, "mumeo ni mwembamba hivi?"

"Mama, siku zote yuko hivyo."

"Jana nilijificha nyuma ya mtu mpana."

Luhaga akaanza kurudi nyuma, kama inavyopasa. Mama Odeta akanyoosha mikono yote miwili kupokea mtoto kutoka mikononi mwake.

"Usiondoke, baba," akasema. "Kaa hapo. Nikishamwona huyu, nataka nikuone na wewe vizuri."