Malengo Tuliyomwandikia Walter

Nasambu alifukuzwa Jumatatu, na kufikia Jumanne nilikuwa nimeshaamua kwamba Walter naye atatoka kwa lango lile lile. Sitamdanganya mtu kwamba nilikuwa natafuta haki. Nilitaka kumwona akitoka.

Walter alikuwa meneja wetu katika kiwanda cha samaki hapa Kisumu, na sisi tulikuwa wanawake tisa tukikata minofu ya mbuta. Malengo ya kilo aliyapanga peke yake, akatuletea karatasi, tukasaini bila kusoma kwa sababu alisimama hapo akigonga saa yake kwa kidole. Ukishindwa mara tatu kwa mwezi, nenda nyumbani. Nasambu alishindwa mara tatu. Meza yake ndiyo iliyopokea samaki wa kwanza wa asubuhi, na ufunguo wa stoo ya barafu ulikaa mfukoni mwa Walter, ambaye siku nyingine kwanza alipitia shambani Muhoroni kusimamia miwa yake ikipakiwa. Samaki bila barafu hulegea, nyama inararuka, nusu inatupwa. Nasambu alimweleza hivyo.

"Mama, mimi sitaki hadithi," Walter alimjibu. "Nataka kilo."

Wiki hiyo hiyo mkurugenzi, Madam Terry, akaja kutoka Nairobi. Akasema kuanzia sasa wafanyakazi watapanga malengo yao wenyewe. Walter akacheka. "Andikeni, akina mama. Mimi nitasaini." Alidhani tutaomba glavu na chai.

Jumapili tukakutana Nyamasaria nyumbani kwa mwenzetu Winny, kwenye chama chetu cha akiba. Masharti tunajua kuandika. Katika chama chetu mstari wa kwanza huwa wa mwenyekiti: afanye nini, saa ngapi, na adhabu yake akikosa. Wanachama wanafuata chini. Jacinta, mwenye mwandiko mzuri, akauliza, "Sasa kule kazini mwenyekiti ni nani?"

Yawa! Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Akaandika: barafu iwe mezani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mhusika, Walter. Akikosa mara tatu kwa mwezi, kazi imeisha. Malengo yetu yakafuata, na hatukujihurumia. Kilo tuliziongeza kupita zile alizotuwekea yeye.

Walter alisaini huku akiongea na simu. Madam Terry akaisoma karatasi mbele ya watu wote, kisha akampa mkono. "Umejiweka wa kwanza! Hivyo ndivyo kiongozi anavyofanya."

Nilimkazia Walter macho. Angeweza kusema hakuisoma. Alimeza mate, akatabasamu, na lile tabasamu nililifurahia kuliko Krismasi.

Ulikuwa msimu wa kuvuna miwa. Alichelewa Jumatano, akachelewa tena wiki iliyofuata. Mara ya tatu alifika mbio, viatu vimejaa matope ya shamba, akatukuta wanane tumesimama kando ya meza, mikono tumekunja. Madam Terry alikuwa ameshapigiwa simu.

"Dorca," Walter aliniambia kwa sauti ya chini, "waambie trekta ilifunga barabara."

"Bwana Walter, hatutaki hadithi," nikasema. "Tunataka barafu."

Saa nne alitoka langoni. Nilisimama nikamtazama mpaka akapotea, na nilifurahi sana. Siombi msamaha kwa hilo.

Saa ya chai nikampigia Nasambu, ambaye sasa alikuwa anauza mboga Kondele. Nikamsimulia yote. Alicheka, akanitaka nirudie pale Walter aliposaini. Nikarudia. Kisha akauliza, "Sasa mimi narudi lini?"

Nilisogea mpaka ukutani, ilipobandikwa ile karatasi, nikaisoma yote kutoka juu hadi chini. Tulikaa kwa Winny alasiri nzima, wanawake wanane wanaompenda Nasambu, tukimfikiria Walter tu.

"Dorca? Uko?"

"Niko," nikasema. "Nasambu, hilo hatukuliandika."