Mwanafunzi Mtoro wa Magomeni

Stefano alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu pale Mtwara, na ungemwona ungedhani Ujamaa wote kabebeshwa yeye. Asubuhi anafundisha, mchana yuko shamba la chuo anapalilia mihogo na wanachuo, jioni yuko Magomeni, mtaa wa pale pale Mtwara, anasomesha watu wazima. Nyumbani? Ah, nyumbani alikuwa anapita tu!

Mkewe Yustina, mtoto wa Songea asiyejua kununa kimya kimya, alimwambia waziwazi, "Baba Rozalia, shule zikifungwa nawachukua wanangu narudi kwa mama. Afadhali ningekuwa mjane, watu wangenipa pole."

Stefano akacheka, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Siku chache baadaye alimkuta Yustina darasani Magomeni, kaketi katikati ya akina mama, kajitanda khanga kama hajui hata a. Loo! Mwanamke aliyesoma mpaka darasa la nane kwa masista!

"Nimekuja kujiandikisha, mwalimu," alisema, na wenzake wakainama kuficha vicheko.

Kesho yake hakuonekana.

"Mwalimu, Yustina hayupo," alisema Bi Mwanakombo, muuza samaki wa kukaanga na kiranja wa darasa.

"Ana kazi nyumbani."

"Nami nilikuwa na kazi, ukanifuata mpaka kwangu. Ukanywa chai, ukamgombeza mume wangu mbele ya wakwe. Au Yustina si mtu?"

Kweli, ndiyo ilikuwa desturi yake. Mtu akikosa, darasa hufungwa mapema na mwalimu humfuata jioni hiyo hiyo. Tayari darasa zima lilikuwa limesimama, linamngoja atoke.

Jua lilikuwa bado halijatua alipofika nyumbani. Watoto, Rozalia na Mikaeli, walimkodolea macho, kwa kuwa hawakuzoea kumwona kabla hawajalala. Yustina akampangusia kiti.

"Karibu, mwalimu."

"Yustina, acha mchezo."

"Mchezo gani? Nimekosa darasa. Niulize unavyowauliza wenzangu."

Stefano akakaa. "Haya. Mama, nini kinakuzuia kuja kusoma?"

"Mume wangu. Hakai nyumbani, sina wa kumwachia watoto."

Jibu hilo alikwisha kulisikia nyumba nyingi, na waume wa nyumba hizo aliwasema bila huruma.

"Waume wa wenzangu huwa unazungumza nao," Yustina akaendelea. "Na wangu zungumza naye. Nimeshafunga mizigo, Stefano."

Stefano alilitazama sanduku mlangoni, moyo ukampasuka. Alimpenda mwanamke huyu, jamani, alimpenda sana.

"Mumeo mjinga," akasema mwishowe.

"Hilo nalijua. Endelea."

"Kuanzia sasa jioni atakuwa hapa, wakufunzi wenzake watamshikia darasa. Isipokuwa Jumatano, darasa halina mtu wa..."

"Jumatano nafundisha mimi. Nimeshakubaliana na Bi Mwanakombo."

Basi Jumatano ikafika, Stefano akabaki na watoto. Uji ukaungua, Mikaeli akalia akimtaka mama yake, giza likaingia, Yustina haonekani. Stefano akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Mkewe alipotokea akicheka peke yake njiani, alimkuta kasimama mlangoni.

"Mbona umekawia hivi?" akauliza kwa uchungu wa kweli.

"Kumbe ulikuwa unanisubiri?"

"Tangu ulipoondoka."

Yustina akaketi kizingitini, akamvuta mkono aketi naye, na machozi yakamtoka.

"Miaka yote hiyo, Stefano," akasema, "nami nilikuwa nasimama hapo hapo."